Timbo la mtaani, Haller Park au Shimba: uende wapi kutazama kereng'ende

Ukimuuliza mtu wa Mombasa wapi pa kwenda kutazama kereng'ende, kama hatakucheka kwanza, atakwambia Haller Park, bustani ya wanyama ya Bamburi. Ni jibu la maana. Pana njia safi, pana vivuli, pana mabwawa yasiyokauka, na lango liko papo hapo barabarani. Lakini mtu anayetaka kujifunza kuwatambua aina kwa aina, si kuwaona wakipita tu, mimi humwelekeza kwingine: kwenye timbo la mawe lililojaa maji ya mvua, lile lililo karibu na kwao. Haller ije ya pili. Nguuni, uwanda wa nyasi ulio ndani kutoka Bamburi, uiwekee jioni. Shimba, hifadhi ya msitu kule Kwale, uiache mpaka macho yazoee, ingawa huko ndiko aliko kereng'ende wa ajabu kuliko wote wa pwani hii.

Mpangilio huo una sababu, na sababu kubwa ni samaki.

Samaki, jua na majani

Kereng'ende tunayemwona akiruka yuko mwishoni mwa maisha yake. Kabla ya hapo ameishi chini ya maji, akiwa tunutu wa rangi ya tope asiyeweza kuruka, akiwinda viluwiluwi vya mbu na vijidudu vingine kwa mdomo wa chini unaofyatuka mbele na kunasa. Naye pia huwindwa. Bwawa lililojaa tilapia hubakiza tunutu wanaojua kujificha kwenye mizizi na matope, basi. Dimbwi la mvua halina samaki, kwa hiyo hata tunutu wa aina zinazozurura waziwazi kutafuta chakula hukua hadi wakatoka.

Baada ya samaki, tazama jua na majani. Wengi wa kereng'ende wetu wa kawaida wanataka maji yanayopigwa na jua, yenye nyasi, ndago au matete ukingoni: jike apate pa kutagia, na tunutu akikomaa apate bua la kupanda ili ajivue gamba na kukausha mabawa. Kidimbwi cha hoteli chenye kingo za saruji ni kizuri kwa picha za harusi, ila kwa kereng'ende si kitu, labda kama kimepandwa mayungiyungi. Kivuli kizito nacho kina wake, wa msituni, na hao utawakosa kabisa ukikaa mjini.

Maji ya chumvi nayamaliza kwa sentensi moja. Ni aina chache mno duniani zinazoweza kuzaa kwenye maji yenye chumvi nyingi, kwa hiyo kwenye mikoko ya Tudor au Mtwapa utaona wapita njia tu, na asubuhi yako itakuwa imekwenda.

Timbo la mtaani

Kuanzia Kisauni kwenda Utange hadi Shanzu, chini ya udongo kuna mwamba wa matumbawe, na mawe ya kujengea yamekatwa humo miaka nenda miaka rudi. Timbo likiachwa, mvua ya masika hulijaza. Wiki chache baadaye ukingo mmoja umeota nyasi na mwingine umebaki mwamba mtupu, na hapo ndipo utamu ulipo: ndani ya mita hamsini una makazi matatu au manne tofauti, na kila moja lina kereng'ende wake.

Anza na mwamba. Juu ya jiwe lililopata moto kiasi kwamba huwezi kuliwekea kiganja, tafuta Trithemis kirbyi (majina nitakayotumia ni ya kisayansi). Dume ni mwekundu, na mzizi wa kila bawa lake una doa kubwa la rangi ya chungwa. Saa za mchana utamwona ameinua mkia ukaelekea jua moja kwa moja. Hajidai, anapunguza sehemu ya mwili inayopigwa na jua. Shuka kwenye mchanga na udongo mkavu, umpate Brachythemis leucosticta, mweusimweusi mwenye utepe mpana wa giza katikati ya kila bawa. Huyu ndiye anayekufuata miguuni. Anayekutana naye mara ya kwanza hudhani anafukuzwa, kumbe unapotembea unarusha vijidudu kutoka kwenye nyasi na yeye anavidaka. Hana mwiba, hana sumu.

Kwenye nyasi fupi zilizosimama majini kuna Palpopleura lucia, mdogo, dume wake akiwa na mabawa yaliyotapakaa weusi na tumbo la buluu ya unga. Hapo hapo, chini zaidi, karibu upige magoti, ndiko waliko wale wembamba: Ischnura senegalensis mwenye mgongo mweusi na taa ya buluu karibu na ncha ya mkia, na Ceriagrion glabrum, dume wa rangi ya chungwa mwili mzima lakini macho ya kijani. Ukiona kitu chembamba kupita hao, cha sentimita mbili hivi, kinachopita kati ya nyasi bila kuonyesha mabawa, huenda ni jamaa wa Agriocnemis.

Na juu angani, bila kutua, kuna Pantala flavescens, wa rangi ya manjano iliyoiva. Huyu anastahili maneno zaidi. Tunutu wake hukua kwa muda wa wiki sita hivi, kwa hiyo dimbwi la mvua lisilodumu linamtosha. Ni miongoni mwa wadudu wanaosafiri mbali kuliko wote wanaojulikana. Mwaka 2009 mtaalamu wa viumbe wa bahari Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, alichapisha maelezo ya jinsi kereng'ende hawa wanavyofika visiwani humo kwa mamilioni kuanzia Oktoba, mahali ambapo karibu hapana maji baridi ya juu ya ardhi ya kuzalia. Hoja yake ni kwamba wanatoka India, wanapanda hewani ambako upepo unavuma kuelekea huku, na wanavuka bahari hadi Afrika Mashariki kufuata mvua. Kisha kizazi kinachozaliwa huku hurudi India na kusi. Safari nzima, ya vizazi kadhaa, hupita kilomita 14,000. Kwa hiyo wale wanaozunguka juu ya uwanja wa mpira mwezi wa Novemba, vuli ikianza, huenda walizaliwa kwenye shamba la mpunga ng'ambo ya bahari. Majahazi yalihitaji nahodha kwa njia hiyo hiyo.

Timbo lina hasara zake, na si ndogo. Kwanza hukauka. Januari hadi Machi, kaskazi likiwa limeshika na joto limepanda, mengi huwa vumbi, na hapo hoja yangu yote inageuka. Pili, kingo zimekatwa wima na maji hayaonyeshi kina. Simama upande ulioteremka taratibu, na usiingie majini hata kidogo, maana mbali na kuzama, kichocho kipo katika ukanda huu. Tatu, timbo lina mwenyewe hata kama linaonekana limetupwa. Toa salamu, jieleze, ndipo uiname. Watoto hawatakawia kuja: "Ami, watafuta nini?" Waambie ukweli. Ndio watakaokuonyesha wale wadogo waliojificha kwenye ndago, kwa sababu macho yao yako karibu na nyasi kuliko yako.

Haller Park

Hapa pia palikuwa timbo, tena kubwa, la kiwanda cha saruji cha Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye mwamba mtupu. Mivinje ndiyo iliyokubali, na majongoo yaliyoletwa baadaye yakasaidia kugeuza majani yake kuwa udongo. Wengi wanapajua kwa sababu ya kiboko Owen na kobe Mzee, waliozoeana baada ya tsunami ya Desemba 2004. Wasiotajwa ni wadudu.

Ukilinganisha na timbo la mtaani, Haller inashinda kwa mambo mawili ambayo hayana mjadala. Maji yapo mwaka mzima, kwa hiyo Februari, mtaani kukiwa kukavu, ndipo pa kwenda. Na usalama: njia zimetengenezwa, unaweza kwenda na mama mzee au watoto wadogo, na wasiojali kereng'ende wakatazama twiga. Ukiwa na familia usihangaike na timbo, nenda Haller tu. Matatu za Mtwapa kutoka mjini hupita mlangoni.

Inaposhindwa ni kwenye kiasi cha maji yanayofaa. Baadhi ya mabwawa yana samaki wengi, mengine yana mamba, na sehemu kubwa ya kingo imefunikwa na kivuli cha miti. Anayeanza atazunguka saa nzima akiona aina mbili tatu zilezile kisha aseme Mombasa haina kereng'ende. Dawa ni kutozunguka. Tafuta ukingo mmoja wazi, wenye jua na majani yaliyochomoza majini, ukae hapo. Vijiti vilivyosimama majini ndivyo viti vya Trithemis annulata, dume wa rangi ya zambarau iliyochanganyika na waridi, mishipa ya mabawa ikiwa myekundu. Akifukuzwa hurudi kijiti kilekile, na hilo ni zawadi kwa mwenye kamera. Penye mayungiyungi angalia juu yake Rhyothemis semihyalina: mzizi wa mabawa ya nyuma ni mweusi unaong'aa kwa urujuani, na anapepea kama kipepeo. Akipita mkubwa wa kifua cha kijani na mkia wa buluu, akipiga doria bwawa zima bila kutua, huyo ni Anax imperator. Usimkimbilie. Ana njia yake, atarudi.

Kiingilio kipo, na hicho kinakuzuia kurudi mara kwa mara. Kwa elimu ya wadudu, kurudi palepale ndiko kunakofundisha, kwa hiyo naihesabu kama hasara halisi.

Nguuni, kwa ufupi

Nguuni iko kilomita chache ndani kutoka Bamburi, uwanda wa nyasi na mikoche wenye mbuni, pofu na twiga, na sehemu zenye majimaji. Watu huenda kwa machweo, nawe nenda kwa machweo, ila usitazame jua. Saa ya mwisho ya mchana Pantala na Tramea basilaris hukusanyika kula wadudu wadogo juu ya nyasi, na hapo pana nafasi ya kuwalinganisha wakiwa pamoja: Tramea ana doa la kahawia nyekundu kwenye mzizi wa bawa la nyuma, Pantala hana. Zaidi ya hilo, kwa kujifunza aina nyingi, si mahali pa kwanza.

Shimba

Hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, iko Kwale, kusini mwa Mombasa. Wageni huenda kwa ajili ya palahala, swala asiyepatikana kwingine Kenya, na tembo. Mtu wa kereng'ende huenda kwa ajili ya kivuli. Vijito vya msituni vina aina ambazo hazikanyagi timboni, kama Phaon iridipennis, mwembamba mrefu wa miguu mirefu, ambaye mabawa yake hubadilika rangi kila anapogeuka kwenye mwanga.

Yule wa ajabu niliyemtaja mwanzo ni Coryphagrion grandis. Ni mwembamba mwenye mkia mrefu kupita kiasi, na hazai bwawani wala kijitoni, bali kwenye maji ya mvua yaliyokusanyika ndani ya pango la mti. Anaishi kwenye misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, na jamaa zake wa karibu wako Amerika ya Kati na Kusini, ng'ambo ya bahari nyingine kabisa. Msitu ukikatwa miti mikubwa, yenye mapango, yeye ameisha hata kama vichaka vimebaki. Kaya za Mijikenda, ambazo kadhaa ziliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008, zina misitu ya namna hiyo, lakini kaya huiingii bila idhini ya wazee wake.

Mbona basi Shimba naiweka mwisho? Kwa sababu ni ghali kwa muda na kwa pesa. Unavuka feri Likoni, unapanda Kwale, ndani unahitaji gari, na kushuka kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick lazima uwe na askari wa wanyamapori. Msituni mwanga ni hafifu na kereng'ende ni wachache kwa kila hatua. Jicho lisilozoea halioni kitu. Mwenye msimu mmoja wa timbo nyuma yake atafaidi. Asiye nao atarudi na picha za tembo, jambo ambalo pia si baya.

Uanze na wanene au wembamba?

Kereng'ende wana makundi mawili, wanene na wembamba. Yote mawili yako kwenye kila maji niliyoyataja, na kuyatenganisha ni rahisi. Mnene akitua huyatandaza mabawa pembeni, macho yake kwa kawaida hugusana au hukaribiana juu ya kichwa, na bawa la nyuma ni pana kuliko la mbele. Mwembamba huyakunja mabawa juu ya mgongo, macho yake yametengana, moja huku moja kule, na mabawa yote manne yanalingana. Jamaa wa Lestes ndio wavurugaji: ni wembamba lakini hutua mabawa yakiwa nusu wazi. Ukitatizika, angalia macho.

Ushauri wangu ni kuanza na wanene. Wanaonekana kwa mbali, wanarudi kijitini, na wengi wana alama kwenye mabawa. Wembamba watakukatisha tamaa ukiwaanza mapema, hasa Pseudagrion, ambao aina zake hutenganishwa kwa vibanio vidogo vilivyo ncha ya mkia wa dume.

Lakini wanene nao wana mtego: wekundu. Kila dimbwi lina dume mwekundu, na anayeanza huwaita wote jina moja. Mwenye tumbo pana lililobonyea, mwekundu hadi miguu, na doa dogo la rangi ya asali kwenye mzizi wa bawa la nyuma ni Crocothemis erythraea. Mwenye tumbo jembamba, mishipa myekundu na weusi ubavuni kuelekea ncha ya mkia ni Trithemis arteriosa. Doa la chungwa likiwa kubwa, linaloonekana hata akiruka, umerudi kwa kirbyi wa mwambani. Tumbo na mabawa, basi. Wekundu wenyewe hauamui kitu, maana dume kijana huanza akiwa wa manjano kama jike.

Simu, darubini au wavu

Simu inatosha kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, kereng'ende wakiwa bado hawajapata joto la kuwachangamsha. Baada ya hapo utapata picha za vijiti vitupu. Kwa pesa ya kwanza ningenunua darubini ya macho mawili kabla ya kamera, yenye ukuzaji wa mara 8, ila sharti iweze kulenga kitu kilicho mita mbili tu mbele yako. Zile zinazoanzia mita tano ni za ndege. Jaribu dukani kwa kutazama kiatu chako mwenyewe.

Wavu una faida moja, kukuwezesha kuona vile vibanio vya mkia kwa kioo cha kukuzia, na una matatizo kadhaa. Mabawa ya kereng'ende aliyetoka majini asubuhi hiyo ni laini na huharibika kwa kuguswa. Na ndani ya hifadhi hukamati mdudu bila kibali. Anayeanza hauhitaji.

Picha zako unaweza kuzipandisha kwenye iNaturalist, programu inayokupendekezea jina na kisha kuwapa watu wengine nafasi ya kuthibitisha au kukukosoa. Usiamini pendekezo la kwanza la mashine. Piga tatu kila mara: kutoka juu, kutoka ubavuni, na ncha ya mkia. Majike ndio mtihani, kwa kuwa wengi ni wa kahawia na manjano tu. Hapo msubiri dume aje. Wakiungana, yeye humshika jike kwa ncha ya mkia, nyuma ya kichwa au shingoni, wakaruka pamoja. Picha ya jozi hiyo, ukimtambua dume, karibu kila mara imekupa na jina la jike.